Neno "Kmt" na Mizani ya Sarufi: Tahakiki ya Fasiri ya Cheikh Anta Diop

Katika kongamano la UNESCO lililofanyika Cairo mwaka 1974, Cheikh Anta Diop wa Senegal alishikilia kwamba Wamisri wa kale walijiita kwa weusi wao wenyewe. Nguzo mojawapo ya hoja yake ilikuwa neno kmt, ambalo kwa maoni yake ni nomino ya jumla yenye maana ya "watu weusi". Fasiri hiyo imepokewa kwa shangwe na Waafrika wengi, wala si ajabu, kwani iliwajibu wataalamu wa Ulaya walioizoea Misri iliyotengwa na bara lake. Hata hivyo, dai la kisarufi halina budi kupimwa kwa mizani ya sarufi.

Mzizi km una maana ya "-eusi". Hapo hapana ubishi. Kivumishi cha Kimisri hupatana na nomino kwa jinsia na idadi: km ni umoja wa kiume, kmt umoja wa kike, kmw wingi wa kiume, na kmwt wingi wa kike. Kmt ikiwa jina la nchi huandikwa pamoja na alama ya mji, yaani duara lenye njia panda ndani yake, na hukabilishwa na dšrt, "nyekundu", ndilo jangwa. Kwa hiyo wataalamu walio wengi huona kwamba weusi unaotajwa ni wa udongo wa bonde la Nile. Wenyeji nao waliitwa rmṯ n kmt, "watu wa Kmt".

Vipi basi kuhusu kmtyw? Mfaransa Serge Sauneron alieleza katika kongamano hilohilo kwamba neno hili limenyambuliwa kutokana na jina la nchi, hivyo maana yake ni "wa Kmt". Kama Wamisri wangalitaka kusema "weusi", wangalisema kmw. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. "Mswahili" limetokana na neno la Kiarabu sawahil, "pwani" kwa wingi, kwa unyambuaji wa namna iyo hiyo. Lakini anayelitamka leo hamfikirii mtu kuwa ni mchanga wa ufukoni.

Hoja ya Sauneron, basi, ndiyo nzito zaidi. Lakini kuanguka kwa fasiri moja si kuanguka kwa swali la Diop. Uafrika wa Misri hautegemei rangi iliyomo katika jina. Wanaisimu wengi huiweka lugha hiyo katika jamii moja na Kihausa, Kisomali, Kirendile na Kiborana, lugha ambazo baadhi yake husemwa Kenya kila siku. Ushahidi wa ulinganishi wa sauti na maumbo, uliokusanywa kwa subira, utaitumikia Afrika kuliko neno moja lililobebeshwa mzigo usioliweza.