Kiwavi Asiyekula Keki

Tangu Mmarekani Eric Carle alipochapisha The Very Hungry Caterpillar mwaka 1969, kiwavi wake amekuwa mwalimu wa kwanza wa maisha ya wadudu kwa watoto wengi. Nakipenda kitabu hiki. Kurasa zimetobolewa matundu ili kidole cha mtoto kipite alikopita mdudu, na picha zimeundwa kwa vipande vya karatasi laini alizozipaka rangi Carle mwenyewe.

Kama somo la sayansi, hata hivyo, kinapwaya. Kiwavi anakula keki na soseji, anajifungia ndani ya kifukofuko, anatoka kipepeo. Vipepeo walio wengi hawafumi vifukofuko. Hiyo ni kazi ya nondo. Kiwavi wa kipepeo hujivua ngozi, na chini yake pupa iko tayari.

Simshitaki Carle, msanii ana ruhusa yake. Ninaowalaumu ni sisi wakubwa, tunaompa mtoto picha iliyokwisha kuchorwa na kumwamuru aipake rangi bila kuvuka mstari. Hapo sanaa inageuka somo la utii, na udadisi unabaki nje ya mlango.

Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647, alipita njia nyingine. Akiwa na miaka 13 tu alikuwa akichunguza viwavi wa hariri, zama ambazo wengi waliamini kwamba wadudu huzuka kwenye matope na uozo. Baadaye alichora yai, kiwavi, pupa na kipepeo pamoja, juu ya mmea. Katika kitabu chake cha mwaka 1705 kuhusu wadudu wa Suriname, majani nayo yana matundu, ila haya yametafunwa.

Kwetu Afrika Mashariki, mlimau mmoja unatosha. Kiwavi mchanga wa kipepeo wa michungwa anafanana na kinyesi cha ndege. Akikua, anageuka kijani. Hakuna mtoto atakayelibuni hilo kichwani. Atalijua akikaa na penseli mbele ya jani, leo na kesho, akichora na kufuta. Pengine mchoro utakuwa umepinda. Mwalimu asiusahihishe kwa kumtaka anakili ule wa ubaoni. Amuulize tu: hapa uliona nini?