Nyumba Isiyokaliwa na Mtu

Ndugu msomaji, usidhani nakuletea mchezo wa watoto. Nyumba ya wanasesere ninayotaka tuitazame aliitengenezesha mke wa mtu, Petronella Oortman, tajiri wa Amsterdam, kuanzia mnamo mwaka 1686. Leo imo katika makumbusho ya Rijksmuseum. Ni kabati kubwa kumpita mtu urefu, limevikwa magamba ya ng'amba, na ndani mna vyumba tisa vyenye vitanda, jiko, na vyombo vidogo vya kauri vilivyoagizwa China. Yasemwa gharama yake ilitosha kununua nyumba ya kukaa watu.

Kazi yenyewe siitii ila. Mafundi wale walikuwa mafundi. Lakini mtu mzima ataka nini humo? Mimi naona ataka utiifu. Nyumba kubwa ina homa, ina madeni, ina mawifi. Katika ile ndogo sahani hukaa pale ulipoiweka, na mtoto wa kwenye susu halii usiku. Nani kati yetu asiyetamani nyumba kama hiyo, japo kwa saa moja?

Ila mtoto hachezi hivyo. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliona kati ya wanasesere wa Bibi Aisha (R.A.) farasi mwenye mbawa mbili za matambara. Akastaajabu: farasi na mbawa? Bibi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Matambara tu yale, na farasi akawa anaruka! Kauri ya Bibi Petronella haikuthubutu kusogea.

Jacob Appel aliichora nyumba ile mnamo mwaka 1710 hivi, na katika picha yake wanasesere wamo, kila mmoja chumbani mwake. Leo karibu wote wametoweka. Vyombo vimebaki.

Wala tusiwacheke Waholanzi. Wazee wetu wa Lamu walijenga zidaka ukutani wakazipanga kauri za China, na leo tuna makabati ya vioo. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na vikombe sita vyenye ukingo wa dhahabu. Nilipokuwa mdogo nilikigusa kimoja nikapigwa kofi ambalo nalikumbuka hadi sasa. Siku ya matanga yake tulikwenda kuazima vikombe kwa jirani, kwa kuwa hapana aliyethubutu kuvitoa vile.