Mikono ya Mhunzi na Mapazia ya Bibi Havisham

Msomaji, uonapo hadithi kubwa imefanywa sinema, usiulize kwanza kama sinema imekifuata kitabu neno kwa neno; maana hapana kitabu kinene kiwezacho kuingia katika muda wa saa mbili bila ya kupunguzwa. Uliza ni vitu gani vilivyopewa kazi ya kusema yale ambayo watu wa hadithi hawayasemi, na kila kitu kimewekwa mahali gani. Kwa maulizo hayo na tuitazame Great Expectations, hadithi ya Charles Dickens iliyotoka kwa mafungu kila juma katika gazeti lake tangu Desemba 1860 hata Agosti 1861, pamoja na sinema ya jina hilo hilo iliyoongozwa na David Lean huko Uingereza mwaka 1946.

Pip ni yatima anayelelewa na dada yake, mke wa Joe Gargery, mhunzi wa kijiji karibu na vinamasi vya Kent. Makaburini anakamatwa na mfungwa aliyetoroka, Magwitch, naye anamwamuru amletee chakula na tupa ya kukatia pingu. Baadaye mtoto huyo anaitwa nyumbani kwa Bibi Havisham, tajiri aliyeachwa na mchumba siku ya arusi. Bibi huyu amesimamisha saa zote penye saa tatu kasoro dakika ishirini, akaa gizani ndani ya vazi la arusi lililogeuka manjano, huku keki yake ikioza mezani kati ya buibui. Humo analelewa Estella, msichana mzuri asiye na huruma. Halafu mwanasheria Jaggers analeta habari kwamba mtu asiyetaka kutajwa ametoa mali ili Pip awe muungwana wa London, naye Pip anadhani mtu huyo ni Bibi Havisham.

Saa zilizosimama ni ishara iliyo wazi. Kila msomaji huiona, nami nitaipita. Ishara iliyo na maana zaidi ni ile isiyopiga kelele, yaani mikono. Siku ya kwanza ya kucheza karata, Estella anaicheka mikono migumu ya Pip na viatu vyake vizito. Kabla ya hapo Pip hakujua kuwa mikono inaweza kuwa aibu. Tangu siku hiyo anamtazama Joe, mtu mwema kuliko wote walio kitabuni, kwa macho ya Estella. Joe anapokuja London kumzuru, hajui pa kuiweka kofia yake, nayo inaanguka mara kwa mara. Pip anaona haya, na Joe anaitambua haya hiyo. Wewe uliyetoka nyumbani kwenda shule ya bweni huenda unaijua haya hiyo kuliko mimi niwezavyo kuieleza.

Sasa tazama jinsi Dickens alivyoipanga ishara hii. Jaggers hunawa mikono kwa sabuni ya manukato kila amalizapo kesi, kana kwamba dhambi za wateja wake zimemshika. Mtumishi wake, Molly, ana mikono yenye nguvu na kovu. Ni kwa kuitazama mikono hiyo, na macho na nywele za mwanamke yule, ndipo Pip atambuapo kuwa Estella ni mtoto wake. Na baba, kama ijulikanavyo baadaye, ni Magwitch. Basi yule aliyeidharau mikono ya mhunzi, mikono yake mwenyewe ndiyo inayoitoa siri ya asili yake.

Kitabu kina sura 59, zilizogawanywa mafungu matatu. Pigo kuu limewekwa mwisho wa fungu la pili, katika sura ya 39: usiku wa mvua na upepo Magwitch anapanda ngazi, ananyosha mikono yote miwili, na Pip anarudi nyuma kwa karaha. Mali yote ilikuwa ya mfungwa. Laiti siri hii ingefunuliwa mwishoni kabisa, tungestaajabu tu kisha tukafunga kitabu. Lakini Dickens anabakiza sura 20, ili Pip apate muda wa kujifunza kuushika mkono alioukimbia. Naye anaushika mahakamani, mbele ya watu wote, siku Magwitch anapohukumiwa kufa. Kisha Pip mwenyewe anaugua, na Joe anamuuguza, anamlipia deni la pauni 123, shilingi 15 na peni 6, akaondoka alfajiri bila ya kumwamsha.

Lean aliijua kazi yake. Mwanzo wa sinema yake, kwa maoni yangu, unapita mwanzo wa kitabu kwa kutisha: mtoto anakimbia ufukweni karibu na miti ya kunyongea watu, matawi yanalia kwa upepo, kisha anageuka na kujibwaga kifuani mwa mfungwa. Guy Green, mpiga picha, alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi yake, na hakupendelewa. Lakini Lean alimwondoa Orlick, kibarua wa Joe, ambaye kitabuni anampiga dada yake Pip kwa pingu ile ile iliyokatwa na Magwitch. Hasara hiyo si ndogo, kwani pamoja na Orlick umekwenda ushahidi kwamba wema wa mtoto mwoga unaweza kurudi nyumbani kama silaha.

Tofauti kubwa zaidi iko mwishoni. Kitabuni nyumba ya Bibi Havisham imekwisha kubomolewa. Estella ameteswa na mume, sasa marehemu. Pip anamkuta penye magofu, anamshika mkono, na ukungu wa jioni unainuka. Hata mwisho huo Dickens aliuandika kwa ushauri wa rafiki yake Bulwer-Lytton. Katika ule wa kwanza wawili hao waliagana London, basi. Katika sinema nyumba ingali imesimama, na Estella amekaa gizani katika kiti cha Bibi Havisham. Pip anayavuta mapazia, anayararua, na jua linaingia.

Nadhani Waingereza wa mwaka 1946, waliokuwa wamefunika madirisha yao kila usiku kwa hofu ya ndege za vita, waliifahamu furaha ya pazia kuanguka. Mimi pia huipenda picha hiyo kila niionapo. Hata hivyo inamfanya Pip kuwa mkombozi, ilhali Pip wa Dickens hakumkomboa mtu. Yeye ndiye aliyelishwa na mfungwa na kulipiwa deni na mhunzi. Ukipata nafasi ya kuitazama sinema hiyo, itazame vizuri mikono ya John Mills, mwigizaji wa Pip, inapoyararua mapazia, kisha uifungue sura ya 39 uisome tena.