Chura Asiyeruka

Vyura wengi wakishtuka huruka. Katika nyanda kavu za Ugogo, mkoani Dodoma, yupo mmoja ambaye hutembea tu. Huinua mguu, akautua, akainua mwingine, na akilazimika kuharakisha hukimbia kwa miguu yote minne, tumbo likikaribia kugusa udongo. Mwili wake ni wa sentimita 5 hivi, ngozi nyeusi nyororo inayong'aa, na kila ubavu una mstari mpana, mwekundu au wa rangi ya chungwa, kuanzia usoni hadi karibu na mapaja. Juu ya matako kuna baka la rangi hiyohiyo. Kwa wanasayansi ni Phrynomantis bifasciatus, tangu Andrew Smith alipomweleza mwaka 1847 kwa vielelezo vya kusini mwa Afrika.

Kwangu mimi, mwendo huo ndio ufunguo wa maisha yake yote. Anatembea kwa kuwa hana sababu ya kuruka. Akitishwa hujaza pumzi, mwili ukavimba, akajiinua juu ya miguu, na ngozi ikatoa ute wenye sumu. Vyura wa aina nyingine wakitiwa naye katika chombo kimoja hufa. Binadamu mwenye mchubuko mkononi akimshikashika huweza kuvimba, kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu. Ile mistari ni tangazo la hayo, nayo haibaki sawa saa zote: mchana, kwenye mwanga mkali, weusi hupauka na wekundu ukafifia; gizani, anapotoka kuwinda, rangi hukolea tena.

Na anawinda nini? Chungu na mchwa. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi, kwa sababu hao ni viumbe wenye askari. Shingo yake, tofauti na ya vyura wengi, huweza kugeuka upande, hivyo hudokoa mmoja mmoja bila kugeuza mwili mzima. Ndugu yake wa Afrika Magharibi, Phrynomantis microps, amekwenda mbali zaidi: hujificha kiangazi ndani ya viota vya chungu wakubwa weusi, wanaonuka na kuuma kwa mwiba, jamaa za sungusungu. Chungu humkagua kwa vipapasio vyao, kisha humwacha. Mwaka 2013 watafiti walichapisha maelezo ya siri hiyo. Walipaka ute wa ngozi yake kwenye wadudu ambao chungu kwa kawaida huwachoma papo hapo, na chungu wakasita. Wakatambua peptidi mbili ndani ya ute, wakazitengeneza maabara, wakapaka tena. Chungu wakasita vilevile. Chura anayeishi nyumbani kwa adui bila kupigana naye, kwa ngozi tu! Sijui fundi mwingine wa ulinzi anayefanya kazi kwa utulivu kiasi hicho.

Huyu wetu hukaa kiangazi kirefu cha Dodoma ndani ya vichuguu, mashimo, na chini ya magogo. Mvua za huku ni kama milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo muda wa kuzaa ni mfupi. Dimbwi likijaa, dume huja ukingoni, au hubaki mdomoni mwa shimo, akaita kwa mlio mwororo, mrefu, wa sekunde kadhaa, unaosikika mbali sana kwa mwili mdogo vile. Jike hutaga mamia ya mayai ndani ya utelezi ulioshikamana na majani ya majini.

Viluwiluwi wake nao ni kazi ya kutazamwa bila haraka. Miili yao inapitisha mwanga. Hawaguguni mwani kwenye mawe kama wenzao, kwani hawana midomo migumu. Huelea katikati ya maji, ncha ya mkia ikitetemeka mfululizo, huku wakichuja vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Hukaa makundi, wote wametulia mahali pamoja, na lazima wote wamalize kuota miguu kabla jua halijanywa dimbwi.

Dodoma ni jiji tangu 2018, na viwanja vinapimwa hadi vijijini. Vichuguu husawazishwa, madimbwi ya msimu hufukiwa kwa kifusi. Ningeomba mpimaji anayepita Chamwino au Bahi mwezi Januari asimame kidogo jioni, asikilize kwanza kama dimbwi lina mwenyewe.