Kulitafuta Neno

Nyuma ya altare ya Kanisa Kuu la Mkunazini, Mji Mkongwe, amezikwa Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882. Wageni hupitishwa haraka pale. Waongozaji wana habari ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, wana nguzo ambazo mafundi, yasemekana, walizisimamisha kichwa chini askofu akiwa hayupo, na muda hauwatoshi. Mimi nikiingia humo huikumbuka kazi yake nyingine, isiyo na jiwe wala saruji: miaka aliyokaa Unguja akiuliza watu maneno.

Alifika mwaka 1864. Mwaka 1870 vilitoka vitabu vyake viwili, kimoja cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, cha pili cha hadithi alizosimuliwa hapa hapa. Basi kabla hajakamilisha kulifasiri Agano Jipya, alikwisha kumsikia kima akimwambia papa kuwa moyo wake ameuacha mtini. Naipenda sana subira hiyo. Mtu mwenye udaktari wa sheria anakaa kitako kusikiliza ngano ambayo kila mtoto wa mjini anaijua, naye atakuja kufasiri amri ya kumpenda Mungu kwa moyo. Atajuaje aandike nini, asipojua kwanza Mswahili akisema "moyo" anakusudia nini?

Hapo ndipo uzuri wa ufundi huu. Neno lina wenyewe, na mfasiri hubisha hodi kwao. Wenyewe wa Unguja walikuwa Waislamu, kama walivyo wengi wao leo. Torati, Zaburi, Injili, imani, toba, rehema, yote yalikuwa tayari vinywani mwa watu wa pwani. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, kadhi na mwanachuoni mzaliwa wa Barawa, alijitolea kumfasiria Steere Zaburi kutoka Kiarabu. Shughuli zake nyingi ziliichelewesha kazi, na Kiswahili chake kikaonekana cha kisomi mno kwa wasomaji waliokusudiwa. Hata hivyo kila nikifikiri juu ya sheikh huyo na kalamu yake, akimtafutia Steere neno lililo safi, moyo wangu hujaa shukrani. Walihitilafiana katika mambo makubwa ya dini. Katika heshima ya neno walikuwa mafundi wa karakana moja.

Wasomaji waliokusudiwa ni akina nani? Miongoni mwao walikuwamo watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, Wayao, Wanyasa, Wamakua, ambao Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya ugenini. Baadhi yao walifundishwa kupiga chapa: kuokota herufi za risasi mojamoja, kuzipanga kinyume, kuzisoma kinyume, ili mstari utoke sawasawa kwenye karatasi. Sijui ibada ipi inayoidai akili kuliko hiyo.

Katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, amri ile ya kumpenda Mungu, katika Mathayo, inataja moyo mmoja, roho moja, kisha akili kwa wingi, "zako zote". Ni kawaida tu ya lugha yetu, lakini huwa naishikilia. Akili ya kusoma, akili ya kuhesabu, akili ya kuuza na kununua: hakuna inayobaki nje ya mlango. Nimewasikia Wakristo wakisema kuwa kuuliza sana kunapunguza imani. Naona ni kumnyima Mungu sehemu ya alichotuomba.

Alhamisi moja jioni, katika kikundi chetu cha kusoma Biblia, tulikwama kwenye Warumi, penye maneno "kuhesabiwa haki". Tulizunguka weee. Mwishowe akasema mama mmoja mwenye meza ya mboga Darajani, ambaye kwa kawaida hukaa kimya: "Mimi nina daftari la madeni. Mtu akija akamlipia mwenzake, nalikata jina la mdeni. Yeye hakunipa hata senti, lakini kwenye daftari langu hadaiwi." Tukanyamaza wote. Kisha akajipinga mwenyewe: hiyo ni kufutiwa deni, na kitabu kinasema haki. Haki ni kitu unachopewa, si kinachofutwa tu. Hakuridhika, na mimi nilifurahi kwamba hakuridhika.

Akasema ukuta kwa ukuta naye anakaa mwalimu wa madrasa, mtu wa Kiarabu kizuri, atamuuliza asili ya neno hilo. Alhamisi iliyofuata alifika mapema kuliko sote, maelezo ya jirani yake yakiwa yameandikwa kwa penseli nyuma ya ukurasa wa daftari la madeni, akaomba tuanzie pale pale tulipokwama.