Kafeini na pumzi ya mtoto njiti

Mtoto njiti hukatikiwa na pumzi kwa sababu sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji bado haijakomaa. Hali hiyo huitwa apnea: pumzi husimama kwa zaidi ya sekunde 20, au kwa muda mfupi zaidi huku mapigo ya moyo yakipungua na oksijeni ikishuka. Karibu kila anayezaliwa kabla ya wiki 28 za ujauzito hupatwa nayo.

Kafeini huziba vipokezi vya adenosini, kemikali inayotuliza ubongo. Kituo cha pumzi huanza kuitikia mapema ongezeko la kabonidayoksaidi, na kiwambo hufanya kazi kwa nguvu zaidi. Ini la njiti huiondoa dawa polepole mno: nusu ya dozi huwa bado imo mwilini baada ya takriban siku 4, ilhali kwa mtu mzima ni baada ya saa 5 hivi. Ndiyo maana dozi moja kwa siku hutosha.

Hospitali za Kenya huongozwa na itifaki ya kitaifa ya matibabu ya watoto: sitrati ya kafeini miligramu 20 kwa kila kilo kama dozi ya kwanza, kisha miligramu 5 kwa kilo kila siku. Mtoto wa kilo 1.1 huanza na miligramu 22. Kwa dawa yenye miligramu 20 katika kila mililita, hiyo ni mililita 1.1, na dozi za kila siku hazifiki mililita 0.3. Uangalifu mkubwa wahitajika hapa, kwa sababu nusu tu ya sitrati ndiyo kafeini halisi; anayechanganya vipimo hivyo viwili anaweza kumpa mtoto dozi maradufu.

Pasipo kafeini hutumiwa aminofilini. Nayo husaidia, lakini kiwango chake salama ni finyu, huyaendesha mbio mapigo ya moyo kwa urahisi zaidi, na hutolewa kila baada ya saa 12.

Dawa huamsha ubongo. Haiyafungui mapafu yanayosinyaa. Kazi hiyo ni ya CPAP ya mapovu, yaani shinikizo la hewa lisilokatika. Hewa yenye oksijeni huingia kwa vimirija vya puani, na mpira wa kutolea hewa huzamishwa kwenye chupa ya maji. Kina cha sentimita 5 huweka shinikizo la sentimita 5 za maji. Mapovu yakikoma, muuguzi hukagua kwanza kama vimirija vimechomoka puani au hewa inavuja.

Ushahidi mkuu kuhusu kafeini ulitoka kwa utafiti ulioongozwa na Barbara Schmidt wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2006 na 2007. Watoto 2,006 wa gramu 500 hadi 1,250 walipewa kafeini au dawa bandia. Katika wiki ya 36, ukihesabu tangu mwanzo wa ujauzito, ugonjwa sugu wa mapafu uliwapata asilimia 36 ya waliopewa kafeini, dhidi ya 47. Walipokaribia miaka miwili, mtindio wa ubongo ulikuwa asilimia 4.4 dhidi ya 7.3. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kafeini kwa kutibu apnea na kwa watoto wanaoondolewa kwenye mashine ya kupumulia.

Kwa kawaida dawa husimamishwa karibu na wiki ya 34 kwa hesabu hiyo hiyo, apnea ikiwa imekoma. Kwa kuwa hutoka mwilini taratibu, mtoto huangaliwa siku 5 hadi 7 zaidi kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.