Kitanda cha bibi kilivyogeuka benchi

Ukiagiza samani za kiasili siku hizi, mara nyingi unaletewa kochi pana lililobandikwa nakshi za milango ya Zanzibar mgongoni. Sebule yote inajaa. Mimi naamini urithi umo zaidi katika namna wazee walivyounga mbao, na kazi moja niliyoiona kwa fundi wa Keko, Dar es Salaam, imenipa nguvu ya kusema hivyo.

Familia ilimpelekea kitanda cha kamba cha bibi yao, cha mninga, upana futi 4. Wamehamia chumba na sebule ghorofani na hawana pa kukiweka. Fundi akakipunguza hadi futi 2 na nusu: mchana benchi, usiku kitanda cha mgeni. Alichokata ni vitakizo viwili tu, yaani mbao za kichwani na miguuni.

Iliwezekana kwa sababu kitanda cha aina hii hakishikwi na misumari wala gundi. Kila mfumbati, yaani ubao wa ubavuni, na kila kitakizo kina ulimi unaoingia kwenye tundu la tendegu, yaani mguu wa kitanda. Ukikiwamba, kamba huvuta mifumbati ielekeane, na vitakizo vivyo hivyo, basi kila ulimi unazidi kuzama tunduni mwake. Kamba ileile unayoikalia ndiyo inayobana viungo. Ilegeze, na kitanda kinakuwa vipande vinane ambavyo mtu mmoja anavipandisha ngazi nyembamba bila kukwaruza ukuta. Mninga nao umesaidia: hausinyai wala kuvimba sana hewa inapobadilika, na huu umekauka miaka mingi, kwa hiyo ndimi zilizochongwa upya zimekaa sawasawa.

Kazi ngumu ilikuwa mfumbati wa mbele. Mtu akilala, uzito wake unaenea. Watu watatu wakikaa, wanauelemea ukingoni. Mfumbati unasukumwa chini na uzito, huku kamba ikiuvuta ndani. Kuongeza kimo cha ubao kungetibu la kwanza, la pili likabaki. Fundi akakingamisha mti mmoja katikati, kutoka mfumbati hadi mfumbati, akauchonga upinde wa kushuka ili kamba zikibonyea mkaaji asiuguse. Niliubana mfumbati kwa goti kwa nguvu zangu zote, haukusogea.

Kwenye kamba sikubaliani naye. Ametumia nailoni kwa kuwa haiozi upesi. Lakini nailoni hunyumbuka sana ikibeba uzito, na hapa kamba ikilegea, viungo navyo vinalegea. Ningechagua katani, ambayo hunyumbuka kidogo kuliko hiyo. Hata hivyo aliacha nafasi ya shubiri moja upande wa miguuni, kamba za kukazia zikapita hapo peke yake, ncha yake ikiwa imefungwa fundo la kufunguka. Wenyewe wanaweza kukaza wakati wowote, na siku wakitaka kubadili kamba, hawatalazimika kukirudisha Keko.